Rangi Izuie Kutu, Isifiche Ufa

Mwenyekiti, wazee wetu wa karakana, na ninyi wajenzi wenzangu wa ndege za kujitengenezea, hamjambo.

Nina kipande cha bomba mkononi. Ni chuma cha aina ya 4130, yaani aloi yenye kromu na molibdeni, kipenyo chake milimita 19, na unene wa ukuta wake haufiki milimita 1. Naomba kipite mkono kwa mkono, na kila mtu akipapase kwa ukucha. Karibu na katikati utahisi mfereji uliozunguka nusu ya bomba. Mfereji huo haukuchimbwa kwa msumeno wala kwa tupa. Umechimbwa na kamba ya plastiki, ile nyembamba ya kufungia nyaya, iliyokazwa juu ya rangi na kuachwa hapo mwaka baada ya mwaka. Vumbi liliingia chini yake, injini ikatikisa, plastiki ikazishika zile chembe za vumbi ikawa msasa. Rangi iliisha kwanza, kisha ikafuata zamu ya chuma. Nilikikata kutoka kwenye fremu ya injini ya ndege yangu mwenyewe, na niliuona mfereji huo siku nilipokuwa nimefungua injini kwa shughuli nyingine kabisa. Nilikuwa nimeikagua fremu hiyo kila mwaka. Nilikuwa naangalia rangi, naiona inang'aa, naridhika.

Ninaposema fremu ya injini nakusudia yale mabomba yaliyochomelewa pamoja, yanayoanzia kwenye ukuta wa kuzuia moto, ule unaotenganisha injini na chumba cha rubani, na kuishika injini kwa vipande vya mpira vya kupunguza mtikisiko. Tunaipaka rangi mwishoni mwa ujenzi, tukiwa tumechoka na tuna hamu ya kuona propela ikizunguka. Ndiyo maana nimeomba jioni hii tuizungumze peke yake.

Tuanze na mzigo wake. Injini ya silinda 4 ya ukubwa tunaoutumia wengi wetu ina kilo 110 hivi kabla hujaifungia propela na vifaa vyake. Ndege iliyoundwa kustahimili mara 3.8 ya uzito wake ikifika kwenye kikomo hicho, kilo 110 zinageuka kama 418, na zote zinaning'inia kwenye mabomba ambayo ukuta wake hauzidi sana unene wa kadi ya benki. Huo ni uzito mtupu. Ongeza msukosuko: injini hiyo ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, silinda zake huwaka mara 4,800 katika dakika hiyo, yaani mara 288,000 kwa saa moja ya kuruka. Kila mwako ni kofi dogo kwenye kila mshono wa weldi.

Chuma kizima huyavumilia makofi hayo. Katika karne ya 19 mhandisi Mjerumani August Wöhler alizichunguza ekseli za treni zilizokuwa zikikatika bila kuzidiwa na mzigo, akaonyesha kwamba mzigo mdogo ukirudiwarudiwa unaweza kuvunja chuma, na pia kwamba kuna kiwango cha mkazo ambacho chini yake chuma huendelea kustahimili marudio mamilioni kwa mamilioni. Mbunifu mwenye busara hujitahidi kuiweka fremu yetu chini ya kiwango hicho. Tatizo ni kwamba kiwango hicho ni cha chuma safi kilicho mahali pakavu. Chuma kinachoshambuliwa na kutu huku kinatikiswa hakina tena kiwango cha usalama. Kila tundu dogo la kutu linakusanya mkazo kwenye kitako chake, na ufa huanzia hapo. Mkwaruzo unafanya kazi ileile. Mfereji wa kamba ya plastiki, ambao sasa naona umefika safu ya tatu, unafanya kazi ileile.

Kwa hiyo rangi ya fremu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia maji na hewa visikutane na chuma. Hiyo kila mtu anaijua. Ya pili ni kukuonyesha kwamba chuma kimepasuka, na hii ndiyo ninayotaka tuondoke nayo. Rangi inayofanya kazi ya kwanza vizuri sana na kushindwa ya pili imekupa fremu nzuri ya kutazama ambayo hujui hali yake.

Hapa najua nitapishana na baadhi yenu, kwa sababu nimefikia kwenye rangi ya unga. Ni ile inayopuliziwa ikiwa vumbi kavu lenye umeme tuli, halafu inaokwa kwenye tanuri, kwa kawaida kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, hadi iyeyuke na kuwa ngozi moja. Haidhuriki kwa oili, haikwaruziki upesi, na joto hilo la tanuri haliharibu chuma cha 4130. Watengenezaji wengi wa seti za ndege hutuma fremu zikiwa zimeshapakwa rangi hiyo, na fremu hizo zinaruka miaka mingi. Sisemi mtu aende kesho kuibandua.

Lakini iangalieni kwa jicho la yule anayetafuta ufa. Ngozi yake mara nyingi ni nene, maikroni 60 hadi 100 na pengine zaidi, na inanyumbuka. Chuma kilicho chini yake kinaweza kuanza kupasuka, nayo ikavuka juu ya ufa kama plasta juu ya kidonda. Tena umeme tuli una tabia yake: unga hukimbilia kingo na sehemu zilizojitokeza, na huingia kwa shida kwenye kona za ndani. Sasa fikirieni mahali mabomba manne au matano yanapokutana. Kona za ndani za kiungo hicho ndiko weldi iliko, ndiko nyufa huanzia, na ndiko unga unakuwa mwembamba kuliko kwingine kote. Na ukishachubuka mahali pamoja, huku chini hakuna praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia kwenye chuma, kutu husafiri kimyakimya chini ya ngozi, na wewe unaendelea kuona rangi inang'aa.

Mimi leo natumia praima ya epoksi ya kuchanganya, na juu yake rangi ya poliurethani nyeupe au kijivu cha kupauka, tabaka jembamba. Rangi hii ni ngumu na haivutiki kama ile ngozi ya unga. Chuma kikipasuka, mara nyingi nayo inapasuka, na kwenye rangi nyeupe ule mstari mwembamba wa kahawia unaotoka kwenye ufa unaonekana hata kabla hujavaa miwani. Nyeupe inakuambia pia mambo mengine. Oili inayovuja inaacha njia yake. Bomba la moshi lenye tundu linaacha masizi. Joto lililozidi linaibadilisha nyeupe kuwa manjano, kisha kahawia. Fremu nyeusi inayameza yote hayo.

Ukiamua kubaki na rangi ya unga, na wako wenye sababu nzuri za kuamua hivyo, basi iwe tabaka moja, iwe ya rangi ya kupauka, na mpulizaji aelezwe kwamba sehemu unazozijali zaidi ni zile za ndani ya viungo. Asizijaze kwa kurudia mpaka ukingo wa weldi upotee. Ukingo wa weldi lazima uonekane.

Sasa maandalizi. Mtu akiniambia rangi yake ilibanduka, naanza kwa kumuuliza alifanya nini siku ile kabla ya kupaka, jina la rangi baadaye.

Kama fremu ni ya zamani, itafute ufa kwanza, kabla ya kupiga chembechembe. Wengi hufanya kinyume. Chembechembe zinazorushwa kwa hewa ya kompresa huponda uso wa chuma na zinaweza kuuziba mdomo wa ufa, kiasi kwamba ile dawa nyekundu ya kupenya, inayojipenyeza kwenye nyufa ili zionekane, haina pa kuingia. Ondoa rangi ya zamani kwenye viungo kwa dawa ya kubandua, safisha, kisha kagua. Kwa chuma kinachoshika sumaku kama hiki, ukaguzi wa sumaku na unga wa chuma ni bora zaidi ukimpata mwenye kifaa. Na msikubali fremu itumbukizwe kwenye pipa la asidi ili rangi itoke haraka. Asidi ikipenya kwenye tundu la sindano la weldi haitoki tena. Itabaki ndani inakula bomba wakati wewe unasifia usafi wa nje.

Baada ya hapo osha mafuta. Fremu mpya kutoka kwa mchomeleaji ina mafuta ya kiwandani na alama za vidole. Ukiipiga chembechembe ikiwa hivyo, unayashindilia mafuta ndani ya chuma. Tumia thina safi na vitambaa safi, geuza kitambaa kila mara, tupa kikichafuka.

Kwa kupiga, oksidi ya alumini laini inafaa, na shanga za kioo zinafaa kwa kusafisha ingawa huacha uso laini mno kwa praima kushika. Mchanga wa kawaida hapana. Vumbi lake la silika likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya. Punguza shinikizo, usisimame mahali pamoja, kumbuka unene wa kadi ya benki. Ziba kila mdomo wa bomba, kila uzi wa bolti, kila bushi. Chembe moja iliyobaki ndani ya bushi itakutafuta baadaye.

Chuma kikishakuwa kijivu, saa imeanza kuhesabu. Uso huo uko uchi kabisa, na penye unyevu hewani unaweza kuanza kubadilika rangi ndani ya saa chache. Usiuguse kwa mkono mtupu. Jasho la mkono lina chumvi, na alama ya kidole inaweza kuchomoza kama kutu chini ya rangi miezi baadaye. Vaa glavu, puliza vumbi kwa hewa kavu, paka praima siku hiyohiyo. Mimi hupanga kazi hii kama mtu anayepanga safari: praima imeshapimwa, bunduki ya rangi imeshasafishwa, na fremu imeshatundikiwa waya wake, ndipo naanza kupiga. Viungo vya ndani navipaka kwanza kwa brashi ndogo, navisugulia rangi iingie, kisha napulizia fremu nzima.

Neno moja kuhusu afya, na nalisema kwa uzito. Kigumishi cha rangi nyingi za poliurethani kina kemikali zinazoitwa isosianeti. Hazina harufu ya kukuonya mapema, na mtu akishapata mzio wake anaweza kubanwa na kifua kwa kiasi kidogo sana maisha yake yote. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Inatakiwa hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje. Kama huna, paka kwa brashi huku umejikinga ngozi na macho na mlango uko wazi, au mpe kazi mwenye vifaa. Na zile praima za zamani za kromati ya zinki, za kijani na manjano, zinasababisha saratani. Usizipige msasa kavu.

Ndani ya mabomba kuna mabishano ya siku nyingi. Bomba lililofungwa kabisa kwa weldi halina cha kuogopa sana: hewa iliyomo humaliza oksijeni yake kwa kutu kidogo, na kazi inaishia hapo. Lakini tundu la sindano hulifanya bomba lipumue. Likipoa linavuta hewa yenye unyevu, likipata joto linaitoa, na maji yanabaki. Ndiyo maana mafundi wa zamani walimimina mafuta ya mbegu za kitani yaliyopashwa moto, wakaizungusha fremu pande zote, wakaimwaga ziada na kuziba tundu. Bado ni njia nzuri, na ina faida moja ninayoipenda: mafuta hayo hupenya kwenye tundu lisiloonekana na kukuonyesha lilipo. Masharti ni mawili. Weldi zote ziwe zimekwisha, kwa sababu kuchomelea bomba lenye mafuta ndani ni hatari na hutoa weldi mbovu. Na tundu la kumiminia liwe lile lililo kwenye mchoro wa mbunifu. Kama halipo, usilitoboe.

Halafu vile vitambaa. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa na kutupwa kwenye kona kinaweza kuwaka chenyewe usiku, bila kiberiti, bila cheche. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vitie kwenye ndoo ya chuma yenye maji na mfuniko. Karakana iliyojengwa kwa miaka mingi inaweza kuondoka kwa kitambaa cha ukubwa wa leso.

Sasa njooni kwenye miguu ya fremu, pale inapofungwa kwa bolti kwenye ukuta wa kuzuia moto. Hapa nataka tupige hesabu pamoja. Bolti yenye milimita 25 kati ya kichwa na nati, ikikazwa kwa kiwango cha kawaida, hunyooka kama milimita 0.03 hadi 0.05. Mnyooko huo mdogo ndio unaoibana fremu. Chukua tabaka la rangi la milimita 0.1 chini ya washa. Joto la injini likilainisha rangi hiyo, ikabonyea nusu tu, umepoteza milimita 0.05, yaani mkazo wote wa bolti. Nati iko palepale, pini yake iko palepale, alama uliyoweka kwa kalamu haijasogea, na fremu inacheza. Kwa hiyo sehemu zinazokutana ziwe na praima nyembamba tu, na chini ya washa kusiwe na rangi ya juu wala rangi ya unga. Baada ya kukaza, pakia rangi au dawa ya kuzuia kutu pembeni mwa kiungo. Saa 10 za kwanza za kuruka zikipita, rudi na spana ya kupimia mkazo, kisha urudi tena kwenye saa 25.

Kuna anayeniuliza kila mwaka kuhusu kupakia kromu au kadimi fremu nzima. Jibu langu ni hapana. Upakaji wa aina hiyo hufanyika ndani ya asidi na vimiminika vinavyobaki kwenye mipenyo ya weldi, na kadimi karibu na bomba la moshi ni mbaya zaidi kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 321 na ikiyeyuka hushambulia chuma chenyewe. Kadimi ibaki kwenye bolti zilizopakwa nayo kiwandani.

Nirudi kwenye kipande cha bomba, naona kimefika nyuma. Usifunge kitu chochote moja kwa moja juu ya fremu. Weka kwanza tepu ya silikoni inayojishika yenyewe, kisha klampu yenye mto wa mpira, iliyo saizi halisi ya bomba. Klampu kubwa kupita bomba inacheza, na mpira uliojaa vumbi unasaga kama plastiki. Hata klampu nzuri hushika maji chini yake, kwa hiyo kwenye ukaguzi wa mwaka ilegeze, isogeze pembeni, uangalie ilipokuwa. Hose za mafuta na nyaya za kuongezea kasi ya injini usiziache zikigusa bomba zikiwa huru. Bomba la moshi likipita karibu na fremu, weka kinga ya joto ya chuma cha pua katikati; hakuna rangi ya kawaida itakayoishi hapo. Na kama betri yako iko mbele ya ukuta wa moto, chunguza mabomba yaliyo chini yake kuliko mengine.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mengi: kurunzi yenye mwanga mkali, kioo kidogo chenye mkono, lenzi ya kukuza mara 10, kitambaa na thina. Safisha kwanza, kwa sababu ufa chini ya oili hauonekani. Mulika kwa pembeni, mwanga ukilala juu ya chuma, siyo kwa mbele. Anzia pale weldi inapoishia na bomba kuanza, kwa kuwa ukingo huo ndio unaoumia zaidi. Ukiona mstari usiouelewa, usiupake rangi. Kwangua rangi sentimita chache, tia dawa ya kupenya, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukiwa ni ufa, ndege haipai, na fremu inakwenda kwa mchomeleaji anayeijua 4130 au inabadilishwa.

Kwenye meza ile ya nyuma nimeweka viungo viwili vilivyokatwa kutoka fremu chakavu. Kimoja kina rangi nyeupe ya poliurethani, kingine kina rangi nyeusi ya unga. Kila kimoja kina ufa mmoja, na urefu wa nyufa hizo unakaribiana. Kurunzi na lenzi ziko pembeni. Anzeni na kile cheusi, na mkishakata tamaa niiteni, nitawaonyesha pa kukwangua.